Hirizi Inayoitwa i7

Jamani, hivi ni nani aliyetuloga na hiki kitu kinachoitwa i7?

Nauliza kwa nia njema kabisa. Unamkuta kijana ana kazi, ana digrii yake, na kijiweni anaichambua bajeti ya serikali mstari kwa mstari mpaka wazee wanakaa kimya kumsikiliza. Siku akienda kununua kompyuta ya kuchezea gemu, uchambuzi wote anauacha nyumbani. Swali la kwanza dukani: "Ni i ngapi?" Akijibiwa i7, macho yanang'aa. Swali la pili: "Ram ngapi?" Akijibiwa 16, anaanza kupapasa mfuko. Kadi ya grafiki, ambayo ndiyo itakayochora kila kitu atakachokiona kwenye kioo, anaiulizia mwisho kabisa, kwa sauti ile ile ya mtu anayeulizia kama kuna mfuko wa kubebea.

Wiki mbili baadaye analalamika kwamba Cyberpunk 2077 inakwamakwama. Analaumu gemu. Analaumu Windows. Analaumu joto la Dar. Lakini i7 hailaumiwi. i7 ni mtakatifu!

Ndugu zangu, leo tumvue huyu mtakatifu joho lake. Hizi ni hela zetu, hazikuokotwa barabarani. Kwa wengi wetu kompyuta ya gemu ni mshahara wa miezi kadhaa uliobanwa kwa kula maharage. Kumpa hela hiyo kibandiko cha rangi ya bluu ni dhambi.

Ugonjwa wenyewe unaanzia mdomoni. Lile sanduku zima linalokaa chini ya meza sisi tumezoea kuliita "CPU". Nenda ofisi yoyote: "Zima CPU." "CPU imejaa vumbi." "Beba CPU, mimi nabeba kioo." Ndani ya sanduku hilo kuna vitu vingi, na CPU halisi, yaani prosesa, ni kipande kimoja tu chenye ukubwa wa kiganja cha mtoto mchanga. Tumelipa gari zima jina la injini, kisha tunashangaa kwa nini watu wananunua gari bila kutazama matairi. Muuza duka anajua hili vizuri kuliko sisi. Ndiyo maana kwenye karatasi aliyobandika mbele ya mashine, "CORE i7" imeandikwa kwa maandishi makubwa, na habari ya kadi imeandikwa kwa herufi za sisimizi, kama imeandikwa kabisa.

Sasa tuelewane kidogo kuhusu kazi ya kila mmoja, maana bila hapo tutabishana mpaka kesho.

Chukulia gemu ni ujenzi wa nyumba. Prosesa ni msimamizi. Ndiye anayeamua adui yuko wapi, risasi imempata nani, mpira umegonga mwamba au umeingia, kisha anatoa maelekezo: chora ukuta hapa, chora mtu pale. Kadi ya grafiki ni mafundi na vibarua wanaotekeleza. Kioo cha kawaida cha 1080p kina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani nukta 2,073,600. Kila moja inatakiwa ipewe rangi, na picha nzima inachorwa upya mara 60 au zaidi kwa sekunde. Ukienda kioo cha 1440p nukta zinakuwa 3,686,400. Ukienda 4K zinakuwa 8,294,400, mara nne kamili ya zile za kwanza. Na angalia jambo hili: nukta zinapoongezeka mara nne, kazi ya msimamizi haiongezeki kiasi hicho. Adui ni wale wale na risasi ni zile zile. Mzigo karibu wote unawaangukia vibarua.

Msimamizi na vibarua wanafanya kazi kwa kupokezana, na anayechelewa ndiye anayepanga mwendo wa wote. Hesabu yake ni ya darasa la tano. Tuseme prosesa inamaliza maelekezo ya picha moja kwa milisekunde 8, na kadi inaichora kwa milisekunde 20. Utapata picha ngapi kwa sekunde? 1,000 gawa kwa 20, jibu 50. Haya, uza baiskeli, kopa kwa shemeji, nunua prosesa yenye kasi mara mbili. Sasa inamaliza kwa milisekunde 4. Utapata picha ngapi? Ni 50 zile zile! Kadi bado inachukua milisekunde 20. Umemleta msimamizi mwenye shahada ya ng'ambo, amekaa kwenye kiti, amekunja nne, anawasubiri vibarua wawili wachovu wamalize kuchanganya zege.

Hiyo ndiyo kompyuta ya mwenzetu wa i7.

Tuje kwenye bei, maana huko ndiko kunakouma. Nitatumia bei zilizotangazwa Marekani wakati bidhaa zinatoka, kwa sababu za Kariakoo na za Luthuli Avenue pale Nairobi zinategemea ushuru, dola na sura ya mnunuzi.

Oktoba 2023 Intel walitoa Core i9-14900K kwa dola 589. Miezi minne nyuma yake, Juni 2023, Nvidia walikuwa wametoa kadi ya RTX 4060 kwa dola 299. Bwana Jina Kubwa anachukua vyote viwili, jumla dola 888. Anatembea kifua mbele: "Nina i9, mzee."

Bi Hesabu naye anachukua prosesa ya AMD, Ryzen 5 7600, iliyotoka Januari 2023 kwa dola 229. Jina la kawaida tu, halimtishi mtu. Anaongeza kadi ya RTX 4070 Super, iliyotoka Januari 2024 kwa dola 599. Jumla dola 828. Amebakiwa na dola 60 mfukoni. Wakikaa mbele ya vioo vya 1440p na gemu nzito, mashine ya Bi Hesabu inamwacha Bwana Jina Kubwa kwa mbali, kama basi la mkoani linavyoiacha bajaji. Kadi yake ina gigabaiti 12 za kumbukumbu, ya mwenzake ina 8. Na bado Bwana Jina Kubwa hajanunua feni ya kupooza ile i9, ambayo ikikaza msuli inaruhusiwa kula hadi wati 253. Feni ya kawaida hapo ni sawa na kumpepea tembo kwa khanga.

Halafu kuna kichekesho kingine. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri kwamba prosesa zao kubwa za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa na tatizo la umeme uliozidi kiwango, lililozifanya ziyumbe na hata kuharibika. Wakatoa marekebisho ya programu na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Jina kubwa halikuikinga mashine na aibu.

Sasa mtasema: "Wewe unazungumzia vitu vipya vya wenye nacho. Sisi tunanunua mtumba." Sawa, twende kwenye mtumba, maana huko ndiko i7 inakotuua hasa.

Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa mjini ni zile za ofisini huko Ulaya na Marekani, zimestaafishwa, zimepanda meli, zimetua bandarini. Zimepigwa kitambaa, zinang'aa. Muuzaji anasema: "Bosi, hii i7, mashine ya mzungu." Hasemi uongo. Lakini i7 ya mwaka gani? i7-2600 ilitoka Januari 2011. i7-3770 ilitoka Aprili 2012. Kuna watoto waliozaliwa mwaka ule ambao leo wako sekondari. Januari 2022 Intel walitoa i3-12100F kwa chini ya dola 100. Ni i3, ile mnayoidharau, ile mnayosema ni ya kuandikia barua. Inazipiga hizo i7 kongwe bila huruma, tena ikitumia umeme mdogo zaidi. Namba inayokuja baada ya i7 ndiyo yenye habari. "i7" peke yake ni sawa na kumwambia mtu una Toyota bila kusema ni ya mwaka gani na kama ina injini.

Na mkumbuke kwamba masanduku haya ya ofisini mengi ni membamba, na pawa saplai yake mara nyingi haifiki wati 300. Hakuna waya wa kulishia kadi kubwa. Ukichukua "i7" hiyo kwa ndoto kwamba "kadi nitaongeza baadaye", utagundua baadaye yenyewe haina mlango wa kuingilia. Utabaki na kadi ndogo kama GTX 1650, ambayo matoleo yake mengi yanajitosheleza kwa wati 75 za kwenye mazabodi, na hata hiyo uitafute ile fupi inayoenea kwenye sanduku jembamba.

Duka likiona umeanza kuulizia kadi, lina hirizi ya pili: GB. "Hii ina grafiki ya 4GB, bosi." Mdau, GB ngapi za nini? GT 730 iliyotoka 2014 ilikuwa na toleo la gigabaiti 4. GTX 1650 iliyotoka 2019 nayo ilianza na gigabaiti 4. Kwenye karatasi ni ndugu. Lakini kumbukumbu ya GTX 1650 inasafirisha hadi gigabaiti 128 kwa sekunde, wakati GT 730 ya DDR3 haifiki hata 30. Ghala ni sawa kwa ukubwa, ila moja ina mlango wa lori na jingine lina dirisha la choo. Tena kuna kadi za kughushi kabisa, za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitangaze kwa jina la kadi mpya. Udanganyifu huu ulienea mpaka mwaka 2018 programu ya GPU-Z ikaongezewa uwezo wa kuzitambua kadi feki. Programu yenyewe ni ya bure na inatosha kwenye flashi. Nenda nayo dukani, uiendeshe pale pale mbele ya muuzaji. Akikataa, umeshapata jibu lako.

Kuna hoja moja inayosemwa kwa sauti nzito sana: "Prosesa kubwa inadumu, kadi utabadilisha." Hoja hii ina nusu ya ukweli, ndiyo maana ni hatari. Ni kweli kubadilisha kadi ni rahisi kuliko kubadilisha prosesa. Lakini eti ukubwa wa jina ndio unaoleta uzee mwema? Sikilizeni kisa cha i7-7700K. Ilitoka Januari 2017 kwa dola 339, ikasifiwa kama mfalme wa gemu. Ina kori nne. Oktoba mwaka ule ule, miezi tisa tu, Intel hao hao wakatoa i3-8100 yenye kori nne kwa dola 117, na i5-8400 yenye kori sita kwa dola 182. Halafu 2021 ikaja Windows 11. Orodha rasmi ya Microsoft ikaikubali i3-8100 na kuikataa i7-7700K! Mfalme wa dola 339 kaachwa nje ya geti, mlinzi wa dola 117 kapita. Na Windows 10 nayo ilimaliza muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Niambieni basi, ni nani aliyenunua "kwa ajili ya miaka ijayo"?

Ukitaka mashine idumu, nunua mazabodi ambayo kiti chake cha prosesa bado kina maisha, weka prosesa ya kati, na hela iliyobaki ipeleke kwenye kadi. Kiti cha AM4 cha AMD kilianza 2016, na Aprili 2022 bado kilikuwa kinapokea prosesa mpya ya gemu, Ryzen 7 5800X3D. Walioanza na prosesa ya kawaida kwenye mazabodi yenye kiti hicho, wengi waliweza kupandisha bila kubadilisha mashine nzima. Kudumu kwa mashine kunatoka hapo.

Sasa kabla hamjanirukia, niseme na upande wa pili, maana kuna ndugu zetu wametoka kwenye hirizi moja wakavaa nyingine. Hawa wanasema: "Kadi tu! Prosesa weka yoyote." Nao wanapotea.

Kama wewe ni mtu wa Valorant au Counter-Strike 2, kioo chako ni cha 1080p chenye hertz 240 na unapunguza grafiki zote ili umwone adui mapema, basi kazi ya vibarua ni ndogo na anayetoka jasho ni msimamizi. Kila picha anapewa milisekunde 4 na kidogo. Hapo prosesa nzuri ni halali yako, kama ilivyo kwa wapenzi wa gemu za kujenga miji na kurusha ndege. Na kadi mpya kwenye prosesa ya kizee nayo ina balaa. Desemba 2024 Intel walitoa kadi yao ya Arc B580 kwa dola 249, gigabaiti 12, watu wakashangilia kwa bei. Mwanzoni mwa 2025 wapimaji wakaonyesha kwamba ukiiweka na prosesa za zamani kama Ryzen 5 2600, kasi inashuka kuliko inavyoshuka kwa kadi za wapinzani wake, kwa sababu programu yake ya kuiendesha inamtwisha msimamizi kazi nyingi. Kwa hiyo sisemi prosesa ni takataka. Ninachosema ni kwamba gemu unalocheza na kioo ulichonacho ndivyo vigawe hela. Jina lisigawe.

Wengine hirizi yao wameipata kwenye majedwali ya wapimaji wa Ulaya na Marekani. Wanaona prosesa ya dola 479, Ryzen 7 9800X3D ya Novemba 2024, inaziacha nyingine kwa mbali, wanakimbilia dukani. Hawajasoma maandishi ya chini. Wapimaji wakitaka kupima prosesa hufunga kadi kubwa kuliko zote, RTX 4090 au RTX 5090, kisha hutumia kioo cha 1080p. Wanafanya hivyo makusudi ili kadi isiwe kikwazo na tofauti za prosesa zionekane. Kipimo ni sahihi kabisa. Lakini wewe una RTX 5090 ya dola 1,999? Kama una RTX 4060, kwenye gemu nzito sehemu kubwa ya tofauti ile hutaiona.

Kwa mwenye mashine tayari, kuna kipimo cha dakika mbili kisicho na gharama. Fungua gemu, tazama idadi ya fremu. Shusha ubora wa kioo, mfano kutoka 1080p mpaka 720p. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa, hela yako ijayo iende huko. Zikibaki pale pale, na hukufunga kikomo cha fremu, msimamizi ndiye amechoka. Na usidanganywe na asilimia ya prosesa kwa ujumla. Gemu linaweza kuibana kori moja mpaka ikome, nyingine saba zikawa zimelala, na kipimo kikakuonyesha asilimia 12.5 kana kwamba mambo ni shwari. Angalia kadi: kama inafanya kazi kwa asilimia 97 au 99, hiyo ndiyo inayopanga mwendo. Kabla ya kununua chochote, hakikisha pia ram ni vipande viwili na vimekaa kwenye nafasi zake mbili sahihi, siyo kimoja kikubwa peke yake. Kipande kimoja kinaidumaza prosesa ukadhani umeuziwa mbovu.

Mwenye kompyuta moja akikosea ataumia peke yake. Lakini wapo vijana wanaokopa ili wafungue chumba cha gemu mtaani, mashine kumi, ada ya saa. Akinunua i9 kumi badala ya Ryzen 5 kumi kwa zile bei za juu, tofauti ni dola 360 mara kumi, dola 3,600. Hizo ni kadi sita za RTX 4070 Super, karibu na chenji ya nauli! Mteja anayelipa kwa saa hatakuja kukagua kibandiko. Atatazama kama picha inatiririka. Isipotiririka anahamia mtaa wa pili, na mkopo unabaki kwako wewe na i9 zako.

Labda shida yetu ni ile ile ya vyeo. Tunapenda Mheshimiwa, tunapenda Daktari hata kama udaktari ni wa heshima tu. Tukimpa mtu cheo hatumwulizi tena amefanya nini. Na kompyuta nayo tumeipa cheo. Ajabu ni kwamba Intel wenyewe wameanza kukitupa: prosesa zao mpya za mezani za Oktoba 2024 zilikuja kwa jina la Core Ultra, herufi "i" haipo tena. Wenye dini wamehama, waumini bado tunasujudu.

Basi ukienda dukani kesho, panga maswali yako hivi. Kadi ni ipi, jina kamili, toleo gani? Pawa saplai ni wati ngapi na ina waya wa kadi? Prosesa ni namba gani, yote mpaka tarakimu ya mwisho? Sanduku lina nafasi? Kwa gemu nzito za hadithi, mimi sitaona ajabu kadi ikigharimu mara mbili ya prosesa au zaidi. Kwa gemu za mashindano, zisogeleane. Ukikuta prosesa inagharimu mara mbili ya kadi kwenye mashine inayoitwa ya gemu, mwambie muuzaji kwa upole kabisa: "Kaka, hiyo i7 baki nayo, nionyeshe kadi."

Ni hayo tu kwa leo. Mwenye i7 yake na imemkera, tubishane. Ila aje na namba kamili.